Bafu la Ulamila na Pua ya Baba Yake

Ukitaka kumuudhi Ulamila, usihangaike kumtukana. Mwonyeshe shuka lenye doa umwambie limetoka mikononi mwake. Miaka kumi na minne anafua mashuka ya hoteli kubwa ya pale mjini Suva, na katika miaka yote hiyo hajarudishiwa hata foronya. Damu, mvinyo, mafuta ya nazi ya wageni wanaojipaka kisha wakaingia kulala, yote anayajua kwa tabia zake. Wenzake kazini wamembandika jina la Jicho. Akikinyanyua kitambaa kwenye mwanga na kukigeuza mara mbili, kama kina siri kitaitoa.

Sasa mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyeshindwa na bafu lake mwenyewe. Mganga hajigangi, walisema waliosema. Nyumba yake iko ghorofa ya tatu, mtaa wa Raiwaqa, namba tisa, vyumba viwili na sebule. Bafu lenyewe ni dogo kiasi kwamba ukiinama kuokota sabuni unagonga mlango kwa makalio. Ukungu ulianzia pembeni, juu ya bomba la mvua, vidoadoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Jumamosi alisugua kwa klorini mpaka macho yakamtoka machozi. Jumapili ukuta ulikuwa mweupe kama kanzu ya mchungaji. Jumatano vivuli vikaanza kurudi, na Ijumaa ukungu ulikuwa umekaa pale pale, pengine umeongezeka kiganja kimoja.

Nitasema ukweli, maana yeye mwenyewe alikiri: aliuchukia ukungu ule na pia aliustaajabia. Hakuna aliyeupanda wala kuupalilia, haukuwa na udongo wala jua, na bado ulimea haraka kuliko majimbi ya watu wenye mashamba. Siku moja aliusogezea uso karibu sana, akaona vinyweleo vidogo vimesimama wima, vyepesi kuliko nywele za mtoto mchanga. Akabaki pale ameduwaa, na mihogo ikaungulia jikoni.

Ingekuwa ni suala la aibu tu, Ulamila angevumilia. Lakini kulikuwa na Losana. Huyo ni binti yake wa pekee, aliyempata baada ya kungoja miaka tisa, na sasa alikuwa na umri wa miaka sita na kifua kilichopiga filimbi kila usiku. Daktari wa zahanati alimsikiliza mgongoni, akauliza habari za nyumba, akasema mtoto yule atafutiwe mahali pakavu. Pakavu maana yake Lautoka, upande wa miwa, kwa mama mkwe. Mumewe Apisai, mpishi wa meli ya mizigo, alikubali kwa simu kutoka bandari ambayo hata jina lake halikusikika vizuri. Mama mkwe alikwisha kutandika kitanda. Shule zikifungwa angekuja kwa basi amchukue mjukuu wake, na hakuwa akimchukua kwa likizo, alikuwa akimchukua akaishi huko. Zilibaki wiki sita.

Ulamila akatafuta kosa. Kwao jambo baya linalojirudia halichukuliwi hivi hivi, lazima kuna mtu aliyekosewa asiombwe radhi. Akina mama wa kanisani walikuja kuuombea ukuta, watano wamebanana bafuni, mmoja amesimama ndani ya karai kwa kukosa pa kuweka mguu. Ukungu ukarudi Jumatano kama kawaida. Akakumbuka kwamba hakwenda msiba wa shangazi yake mwaka uliopita, akapeleka mkeka mzuri na maneno ya unyenyekevu. Jumatano ukarudi. Nadhani hata Mungu alikuwa akimtazama na kujiuliza huyu mama lini atatazama mahali penyewe.

Hapo ndipo alipofika baba yake, mzee Kitione, kwa meli ya kutoka Savusavu, kisiwani kwao. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho hospitali. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na kutofautisha mchana na usiku tu, lakini pua yake, jamani, pua yake ilikuwa habari nyingine. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mbata, nazi iliyokaushwa, kwenye ghala la kule. Gunia likipita mbele yake alikuambia limekaushwa kwa jua au kwa moshi, limelowa njiani au limelala na maji nyumbani kwa mwenyewe. Watu wanasimulia mpaka leo siku aliposimamisha lori zima akasema gunia la tatu kutoka chini, upande wa kushoto, lina ukungu wa siku nne. Mwenye mbata alicheka, wakashusha, wakafungua. Cheko likamwishia mdomoni.

Kwa ajili ya pua hiyo Ulamila alipaka bafu rangi mpya mara mbili, akaweka sabuni ya maua kila pembe. Mzee akala samaki wake wa tui la nazi, akasifu, akaomba kunawa. Akaingia bafuni. Akakaa humo muda mrefu kuliko kunawa kunavyotaka, mpaka Ulamila akaja kusimama nje ya mlango akiwa ameshika taulo.

"Ulamila," mzee akaita.

"Abee, baba."

"Dirisha la humu liko wapi?"

Ulamila akalikunja taulo upya. Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa la kuona haya.

Dirisha lilikuwepo. Lilikuwa dogo, la vipande vya vioo vya kuinua na kushusha, na lilitazama uwazi mwembamba uliokwenda mpaka juu ya paa, ambao watu wa jengo waliuita kisima. Ng'ambo ya kisima, karibu kiasi cha kupitisha sahani kwa mkono, kulikuwa na dirisha lingine kama hilo, la bafu la namba kumi. Na namba kumi aliishi Waisea, kaka yake Ulamila, tumbo moja. Ofisa aliyegawa nyumba miaka mitano nyuma alidhani anawafanyia hisani kuwaweka ndugu karibu. Ngazi zao zilikuwa mbali, milango yao ilikuwa mbali, lakini mabafu yalikuwa yamegusana pua.

Kwao, kule kisiwa cha Vanua Levu, kaka na dada wakishapevuka hawasemeshani. Hawali sinia moja, hawatajani majina, hawakai chumba kimoja wakiwa wawili. Ulamila alikuwa na miaka kumi na Waisea kumi na miwili siku bibi yao alipowaita akawaambia. Jana yake walikuwa matopeni pamoja wakikamata kaa, na kesho yake kila mmoja akapita njia yake. Hawakugombana kamwe. Asiyeujua mwiko huo anaweza kudhani ni chuki, na atakuwa amekosea kabisa. Waisea ndiye aliyempandishia jokofu ghorofa ya tatu, kwa mgongo wake, akingoja kwanza Ulamila awe kazini. Ulamila ndiye aliyefua mashati yake ya kwaya kila mwezi na kuyarudisha kwa mkono wa wifi yake, Taraivini, yamenyooshwa mpaka kola zinasimama.

Sasa mwanamke huyo aoge huku kaka yake akisikia maji yanavyomwagika? Wiki ile ile ya kuhamia alinunua ubao, akauzibia dirisha, akapiga misumari kumi na sita, akajaza nyufa kwa gundi, akapaka rangi juu yake. Na hata baada ya hapo alifungua bomba kidogo kidogo, uzi tu wa maji, kwa tahadhari. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliona ndiyo heshima, na kweli ilikuwa heshima.

Mzee Kitione alipapasa ukuta kwa kiganja, taratibu, mpaka akaukuta ukingo wa ubao chini ya rangi. Akagonga. Hakuuliza aliyeziba wala sababu, kwa kuwa mama yake mwenyewe ndiye bibi aliyewafundisha.

"Rangi ina siku mbili," akasema. "Ukungu una miaka mitano."

Ulamila alihisi vinyweleo vya mikono vikimsimama. Mzee hakuona ukuta, hakuambiwa habari, na alikuwa ametaja mwaka wa kuhamia kama anayesoma kwenye karatasi. Basi akamweleza yote, pale pale mlangoni, pamoja na Lautoka na kitanda kilichotandikwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kesho jioni atakwenda kwa Waisea kunywa kava, kile kinywaji chao cha mizizi.

Alikwenda, na akarudi mapema kuliko desturi ya watu wa kava. Ulamila alimsikia akipanda ngazi, ameshika kizuizi, kidato kwa kidato. Alipoketi alimwomba afunge televisheni.

"Nimeomba kunawa kule," akasema. "Mwenzio naye kaziba."

"Kaziba nini, baba?"

"Dirisha, mama. Ubao, misumari na rangi juu. Na ukungu wake una umri sawa na wako, wiki haipungui wala haizidi."

Ulamila akakaa chini, sakafuni. Kumbe miaka mitano yote kaka yake alikuwa ng'ambo ya pili akisugua ukuta ule ule, akiuficha na kujiziba pumzi ili dada yake aoge kwa amani. Na yeye huku akifanya hivyo hivyo. Wawili wamekaba shingo ya kisima kimoja, kila mmoja akiamini anamlinda mwenzake. Alitaka kucheka na hakuweza. Alichokihisi ni kile unachokihisi kanisani sauti zote zinapoingia kwa pamoja.

Utauliza, je, Taraivini hakuona? Aliona sana. Lakini nani angethubutu kumwambia mfua mashuka wa hoteli kwamba nyumbani kwako wewe bafu limeota ukungu? Mumewe alimwambia ubao ni wa kuzuia popo, akaamini, na kila Ulamila alipomtembelea akaomba kunawa, aliambiwa bafuni kuna mtu. Taraivini naye akija huku aliambiwa bomba limeharibika. Losana peke yake ndiye aliyekuwa akiingia kote kote, maana mtoto wa dada nyumbani kwa mjomba hafungiwi mlango. Alipoulizwa kwa nini hakusema kwamba kwa mjomba nako hakuna dirisha, alishangaa. Alidhani mabafu yote hayana.

Mwiko lakini ulikuwa bado mwiko. Ulamila alikuwa tayari kupambana na ukungu, hakuwa tayari kumvunjia kaka yake heshima. Mzee akasema yeye si mtu wa kufuta maneno ya marehemu mama yake.

"Ila bibi yako alioga mtoni," akaongeza. "Na mto una upepo."

Usiku huo Ulamila alilala na filimbi ya kifua cha Losana sikioni. Asubuhi alimwomba baba yake arudi kule akamuulize yule bwana wa Taraivini, maana jina hawezi kulitaja, kama dada yake akifungua ubao, yeye atafedheheka. Mzee akashuka ghorofa tatu na kupanda ghorofa tatu, na macho yake yale. Ulamila alimngoja amesimama dirishani bila kugusa chai. Mzee aliporudi alipumua kwanza, kisha akaleta jibu.

"Anasema asije mtu akaoga kimya. Yeye akiingia ataimba, ukimsikia toka. Ukiingia wewe gonga ndoo, naye atatoka. Vioo vielekezwe juu, vipitishe hewa, visipitishe macho. Na anasema..." Mzee akaketi. "Anasema angejua kwamba ni kifua cha mpwa wake, angeng'oa huo ubao kwa meno."

Ulamila akaufungua Jumamosi. Msumari wa kumi na sita ulipotoka, ubao uliachia kwa sauti ya kitu kilichochoka, na upande wake wa nyuma ulikuwa umevaa manyoya. Meusi, ya kijani, mengine ya rangi ya waridi, mengine ya machungwa, mazito kama ya kifaranga. Aliushika mikononi, Jicho mzima wa hoteli, na hakuuona kama uchafu. Aliona uhai uliojilea gizani miaka mitano kwa mvuke wa maji yake ya kuoga. Aliomba radhi, sijui alimwomba nani, akautia kwenye mfuko na kuufunga.

Ndipo taulo likatikisika. Lilikuwa limening'inia msumarini nyuma yake, na pindo lake likanyanyuka, likashuka, likanyanyuka tena. Katika bafu lile taulo halikuwahi kutikisika. Ulamila alilitazama kama anayemtazama mgonjwa akifumbua macho. Kisha ng'ambo ya kisima akasikia nyundo ikianza kung'oa, akatoka mbio akafunga mlango, akakaa sebuleni na koleo lake la misumari mapajani mpaka nyundo iliponyamaza.

Kuhusu kusafisha, mzee ndiye aliyetoa amri, ameketi kwenye kiti mlangoni kama yuko ghalani. Alikataza kusugua pakavu, kwa kuwa ukungu mkavu ukiguswa unaruka na kwenda kupanda mbegu zake chumba cha pili, na kifuani mwa mtoto pia. Loweka kwanza. Paka siki, iache saa nzima, futa kutoka juu kwenda chini, kitambaa kitupwe. Siki na klorini visikutane, maana hewa yake inachoma mapafu. Rangi mpya yote ilikwanguliwa, ikaonekana ilikuwa imefunika ugonjwa tu. Taraivini alikuja na brashi yake, sketi amekunja kiunoni.

"Wifi, hilo bomba lako lililoharibika miaka mitano mbona linatoa maji?"

"Na yule mtu aliyekuwa anaoga kwako kila nikija, ameshatakata?"

Taraivini alicheka mpaka akakaa juu ya karai. Mzee aliwaambia wafanye kazi.

Jumatano ilifika. Ulamila alitoka kazini, hakuvua hata viatu, akaenda kusimama mbele ya ukuta. Hapakuwa na kivuli. Ijumaa hapakuwa na kitu. Wiki ya pili kilitokea kidoa kimoja pembeni, akakifuta akaacha mlango wazi, kwa sababu ukungu hauhami Suva, na mtu hapaswi kujidanganya. Losana aliendelea kupiga filimbi usiku, lakini kwa vipindi. Kisha vipindi vikapungua.

Mama mkwe alishuka kwenye basi Ijumaa ya kufunga shule akiwa na mfuko mkubwa mtupu, wa kubebea nguo za mtoto. Ni mwanamke mwema, na kwa sababu ni mwema Ulamila alimwogopa zaidi. Alilala na Losana kitanda kimoja usiku wa kwanza, na wa pili, na asubuhi alinywa chai bila kutoa hukumu. Mfuko ulikaa pale chini ya meza, na Ulamila alikuwa akiuruka anapopita kana kwamba ungemng'ata.

Asubuhi ya tatu Ulamila aliingia bafuni na ndoo. Kabla hajaigonga, sauti ilikuja kutoka ng'ambo. Waisea alikuwa ameingia kuoga. Alianza wimbo wa Jumapili ya mavuno, sauti nzito ya chini kabisa, peke yake. Ulamila alitakiwa kutoka, na alitoka, lakini mkono wake ulikataa kufunga mlango. Jumapili zote alikuwa akimsikia kaka yake akiwa ndani ya kwaya, sauti moja kati ya arobaini. Peke yake hakuwa amemsikia tangu matopeni kwenye kaa, alipokuwa mvulana wa sauti nyembamba akimwita aje aone. Sasa sauti ilikuwa ya mtu mzima, ya baba yake enzi za ghala. Ilijaa kisimani, ikaja bafuni, ikaingia sebuleni na kukaa kila kona. Mzee Kitione alikuwa kwenye kiti na kitambaa cheupe jichoni, na midomo yake ilikuwa ikiyafuata maneno.

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza.

"Mjomba," Losana akajibu kutoka chumbani, kwa sauti ya usingizi. "Anaoga."

Akajigeuza akalala tena. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa chumba, kichwa ameinamisha upande wa kitanda. Wimbo ulimaliza ubeti, ukatulia kabla ya kuanza mwingine, na katika utulivu huo wote watatu wangesikia filimbi kama ingekuwepo. Pumzi ya mtoto iliingia na kutoka.

Mama mkwe alikwenda mezani, akauvuta ule mfuko kwa mguu, akampa Ulamila.

"Nitafutie majimbi ya kujaza humu," akasema. "Siwezi kurudi Lautoka na mfuko mtupu, watanicheka."

Ulamila aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Mama mkwe hakungoja asante. Wimbo ng'ambo ulikuwa unafika mwisho. Ulipokwisha Ulamila alirudi bafuni, akagonga ndoo mara tatu, akasikia nyayo zikiondoka na mlango wa kule ukifungwa pole pole. Taulo lilikuwa likitikisika msumarini. Akaweka mkono kwenye bomba, akalifungua lote.